Anayezimia akiona sindano anaweza kutibiwa kwa akupancha ili aepuke upasuaji wa mgongo?

#1 Dereva wa Usiku

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya waliopitia jambo hili au wanaolifahamu kwa kazi zao. Mimi ni dereva wa basi la mikoani, na tangu mwaka jana mguu wangu wa kushoto unawaka moto kuanzia kalioni, moto unashuka nyuma ya paja hadi kwenye kidole gumba, na nikikanyaga klachi kwa muda mrefu maumivu yanazidi mpaka nashindwa kukaa. Kipimo cha MRI kimeonyesha kwamba diski iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiunoni imetokeza nje na inabana mshipa wa fahamu. Daktari bingwa amenishauri nifanyiwe upasuaji, ila hakunilazimisha. Alisema nikafikirie kisha nirudi. Shemeji yangu anasisitiza nianze na akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomekwa sindano, kwa kuwa yeye ilimsaidia bega.

Shida ni kwamba sindano naiogopa kuliko kisu. Kwenye upasuaji nitapigwa nusu kaputi na sitaona kitu, lakini kwenye akupancha nitalala macho makavu huku nimechomekwa sindano mwilini. Nilipochanjwa homa ya manjano nilizimia nikaangukia meza ya muuguzi. Je, mtu wa namna hii anaweza kutibiwa kwa sindano? Na je, kuichagua sindano mbele ya kisu ni busara, au ninakimbia tu?

#2 Mama Salha

Pole sana, mwanangu. Mimi nilitibiwa shingo na daktari wa Kichina hapa Unguja, na nilikwenda huku mapigo ya moyo nayasikia masikioni. Nilidhani ni sindano zile za kuchoma dawa. Alipoifungua pakiti nikaona kijiwaya chembamba kama unywele wa singa, kina mpini mdogo wa shaba iliyosokotwa. Akakisimamisha ndani ya kijibomba cha plastiki juu ya ngozi, akagonga kichwa chake kwa kidole cha shahada, na kabla sijamuuliza kama ameanza alikuwa ameshahamia mahali pa pili. Kuchomwa kwenyewe sikukuhisi. Nilichohisi kilikuja baadaye, pale alipokizungusha: uzito fulani wenye ganzi ulioteremka begani hadi kwenye kiwiko, usiopendeza lakini si maumivu.

Halafu ujue kwamba ukitibiwa mgongo unalala kifudifudi. Huoni chochote isipokuwa sakafu.

Kwetu jambo hili si geni. Madaktari kutoka mkoa wa Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu mwaka 1964, na wazee wengi wa hapa wanazijua sindano hizo kabla watoto wao hawajazaliwa.

#3 Muuguzi Mstaafu

Kabla hatujaendelea na sindano, naomba mwenye uzi ajibu maswali yafuatayo, kwa sababu majibu yake yanaweza kuufunga mjadala huu mara moja. Je, unapata shida kuzuia au kuanza haja ndogo, au haja kubwa inakutoka bila habari? Je, una ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, pale unapokalia tandiko la baiskeli? Je, unaposimama kwa visigino unaweza kuinua nyayo zote mbili sawasawa, au wa kushoto unaburuzika? Ukiwa na lolote kati ya mawili ya kwanza, usiende kwa daktari wa sindano wala usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali leo hii, kwa kuwa mishipa ya fahamu inayobanwa namna hiyo ikichelewa kufunguliwa huenda isipate nafuu tena. La tatu nalo likizidi siku hadi siku, mwarifu daktari wako haraka.

Kuhusu unene, aliyoyasema Mama Salha ni kweli na yanapimika. Sindano ya kawaida ya kuchoma dawa kwenye msuli ina kipenyo cha milimita 0.6 hadi 0.8, ina tundu katikati, na ncha yake imekatwa kwa mshazari ili ikate nyama. Ya akupancha huwa kati ya milimita 0.16 na 0.30, haina tundu, na ncha yake inazisukuma nyuzi za nyama pembeni badala ya kuzikata.

#4 Kijana wa Ilala

Watu wanadharau kitu kikubwa. Mwaka 1971 mwandishi wa habari wa Marekani aliyekuwa Beijing alipasuliwa kidole tumbo kwa sindano hizi tu, bila ganzi yoyote, akaenda kuwasimulia wenzake, na ndiyo maana Wamarekani wakaanza kuziamini. Kama mtu anaweza kufunguliwa tumbo kwa sindano tupu, mgongo wa dereva ni nini?

#5 Msomaji wa Magazeti

Hapana, kaka, kisa hicho kimeongezewa chumvi njiani. Mwandishi huyo aliitwa James Reston, wa New York Times, na alikwenda China Julai 1971 wakati serikali mbili hizo zinaanza kusogeleana. Ni kweli alipasuliwa kidole tumbo, lakini kwa ganzi ya kawaida iliyodungwa kama inavyodungwa kwingine. Sindano zilikuja baadaye, tumbo lilipomjaa gesi na kumsumbua usiku wa pili, daktari akamchoma kwenye kiwiko na chini ya magoti, na yeye akaandika kwamba alipata nafuu. Habari yake ilichapishwa tarehe 26 Julai. Wasomaji walichanganya habari hiyo na ripoti nyingine za upasuaji wa kweli uliofanywa China kwa msaada wa sindano, ambako nako wagonjwa walichaguliwa kwa uangalifu na mara nyingi walipewa dawa za kutuliza pamoja na ganzi kidogo.

Ninalisema hili kwa nia njema kabisa, kwa sababu mgonjwa akiahidiwa muujiza kisha apate nafuu ya kawaida, ataona amedanganywa.

#6 Mwalimu wa Baiolojia

Ninarudi kwenye swali la kuzimia, ambalo limepitwa haraka mno. Kuogopa sindano hakufanani na kuogopa nyoka au kuogopa giza. Anayemwona nyoka moyo wake huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, naye hukimbia. Si rahisi azimie. Anayeogopa sindano au damu huanza vivyo hivyo, kisha ghafla mambo hugeuka, yaani mapigo hupungua, mishipa ya damu hutanuka, shinikizo hushuka na ubongo hukosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Kwa hiyo wale wanaomwambia mtu kama mwenye uzi alegeze mwili na avute pumzi taratibu, wanampa ushauri ambao kwa mtu wa hofu nyingine ungefaa, lakini kwake unaweza kumwangusha upesi zaidi.

Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake walitengeneza katika miaka ya 1980 mbinu iliyo kinyume cha hiyo. Unakaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uhisi uso unapata joto, unaachia kwa sekunde 20 hadi 30 bila kulegea kabisa, kisha unarudia mara tano. Unajizoeza nyumbani kwa siku kadhaa kabla hujaiona sindano yenyewe. Ila ukumbuke kwamba misuli ya mahali panapochomwa inapaswa kuwa imelegea wakati wa kuchomwa, kwa hiyo kaza kabla, na wakati wa kuchomwa kaza viungo vingine. Nawe una mgongo mbovu, basi usikaze kiuno. Mikono na ule mguu usiouma vinatosha. Kulala nako ni kinga, kwa kuwa aliyelala damu haina kilima cha kupanda kwenda kichwani.

#7 Fundi Paa

Mwalimu, maelezo yako ni mazuri lakini naona umeanzia katikati. Hofu hii tunapandikizwa. Ni mtoto gani hapa nchini hakutishwa kwamba asipotulia ataitwa daktari amchome sindano? Mimi napanda mapaa ya ghorofa bila wasiwasi, lakini harufu ya spiriti ikinifika puani najiona nina miaka sita tena, nimebanwa miguuni na mama mdogo. Dereva, jikumbushe ni nani aliyekutisha, kisha uone kama bado ana nguvu juu yako.

#8 Mwalimu wa Baiolojia

Fundi, kutishwa kunachangia, sikatai. Lakini tulitishwa sisi sote, mbona wanaozimia ni wachache, na mara nyingi wanatoka familia moja? Katika darasa langu nimewahi kuwa na mapacha ambao wote wawili walianguka siku ya chanjo, na baba yao aliyekuja kuwachukua alikataa kuingia chumba kile.

#9 Fundi Paa

Baba aliyekataa kuingia ndiye aliyewafundisha, Mwalimu. Hapo umenisaidia mimi.

#10 Mbongo wa Leipzig

Hapa Ujerumani akupancha ya maumivu sugu ya kiuno na ya goti lililosagika inalipiwa na bima za afya za umma tangu mwaka 2007, na uamuzi huo ulitokana na majaribio makubwa yaliyofanyika humu humu. Katika jaribio la kiuno walishiriki watu 1,162 wenye maumivu ya muda mrefu. Asilimia 47.6 ya waliochomwa sindano halisi walipata nafuu ya maana, na kwa waliopewa dawa, mazoezi na fiziotherapia ni asilimia 27.4. Kulikuwa na kundi la tatu la sindano za kuigiza, zile ambazo ncha yake inarudi ndani ya mpini. Mimi nimekwishatibiwa goti kwa njia hii nami ninaiamini.

#11 Mtu wa Takwimu

Ndugu wa Leipzig, umetaja kundi la tatu bila kutaja matokeo yake, na hapo ndipo penye kiini. Katika kundi la kuigiza, asilimia 44.2 walipata nafuu. Tofauti kati ya sindano halisi na ya kuigiza ilikuwa ndogo kiasi kwamba haiwezi kutofautishwa na bahati. Pia, katika jaribio hilo la mwaka 2007 hawakutumia sindano za ncha inayorudi ndani, ambazo zilibuniwa Heidelberg na kuelezwa mwaka 1998. Walitumia sindano za kweli, wakazichoma juu juu tu, mahali pasipo na vituo vya Kichina, yaani zile sehemu za mwili ambazo akupancha ya jadi huelekeza zichomwe.

Kwa hiyo takwimu zilezile zinasomwa kwa namna tatu. Wa kwanza anasema kuchomwa kokote kunasaidia na ramani ya vituo haina maana. Wa pili anasema kinachosaidia ni matumaini ya mgonjwa, kulazwa mahali tulivu na kushughulikiwa na mtu anayemsikiliza. Wa tatu anasema waliobaki na dawa na mazoezi walikuwa wamekwishachoshwa nayo, kwa hiyo kundi lao lilianza likiwa limekata tamaa. Mimi naelekea kwa wa pili, lakini data hazinilazimishi. Uingereza yenyewe imeyumba: taasisi yao ya miongozo ya tiba iliikubali akupancha kwa maumivu ya kiuno mwaka 2009, ikaikataa mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikaruhusu ifikiriwe kwa aina nyingine ya maumivu sugu.

#12 Mwalimu wa Baiolojia

Mtu wa Takwimu anasahau kwamba mwili una dawa zake. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwachoma watu sindano kisha wakapima maumivu ya meno, wakaona nafuu, na walipowapa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini, nafuu ile ikaondoka. Mwaka 2010 wengine wakaonyesha kwa panya kwamba kuizungusha sindano kunaongeza adenosini katika nyama za mahali hapo, kemikali inayopunguza ishara za maumivu. Uzito alioueleza Mama Salha ulikuja pale ilipozungushwa.

#13 Mtu wa Takwimu

Nafuu inayotokana na matumaini nayo huondolewa na naloksoni, Mwalimu. Hilo lilionyeshwa mwaka 1978, tena kwa maumivu ya meno vilevile. Kwa hiyo jaribio lako halituambii ni mlango upi uliofunguliwa.

#14 Mkulima wa Njombe

Naomba niseme la upande wa pili, kwa kuwa linaniuma. Kaka yangu alikuwa na ngiri. Aliogopa kisu, akapata mtu aliyemwambia kwamba sindano na mitishamba vitairudisha ndani, na kweli kila alipolala ilirudi, akaamini anapona. Siku moja shambani ilitoka ikagoma, ikawa ngumu, ikabadilika rangi, akaanza kutapika. Alipopasuliwa usiku ule sehemu ya utumbo ilikuwa imekwishaoza, ikakatwa. Yuko hai, namshukuru Mungu, lakini upasuaji ambao ungekuwa mdogo uligeuka wa kuokoa roho. Ngiri ni tundu, na tundu halizibwi kwa sindano. Kabla ya kuuliza kama tiba mbadala ni nzuri, tuulize ugonjwa wenyewe ni wa aina gani.

#15 Ustadhi wa Tanga

Pole kwa kaka yako. Mimi ningemshauri Dereva aangalie hijama. Wazee wetu wa pwani waliumika kwa chuku ya pembe muda mrefu kabla ya kumwona Mchina, na maumivu ya mgongo yalikuwa kazi yake ya kwanza.

#16 Muuguzi Mstaafu

Ustadhi, kwa heshima zote, mwenye uzi amesema anazimia kwa sindano. Hijama ya damu inachanja ngozi kwa wembe na damu anaiona ikijaa kikombeni. Kama anataka vikombe, basi viwe vile vikavu visivyochanja. Kuna pia kubonyeza vituo kwa vidole, na vifaa vya umeme mdogo vinavyobandikwa juu ya ngozi, ambavyo havitoboi chochote.

Mkulima amesema jambo ambalo nimelishuhudia wodini mara nyingi, na si kwa ngiri peke yake.

#17 Ganzi na Mkasi

Ninafanya kazi chumba cha upasuaji, upande wa ganzi. Ninakubaliana na Mkulima, lakini naomba tuwe na haki kwa pande zote, kwa sababu kisu nacho kina imani yake. Mwaka 2002 madaktari wa Houston waliwachukua watu 180 wenye magoti yaliyosagika, baadhi wakasafishwa goti kwa kamera na wengine wakachanjwa ngozi tu wasijue, na baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti. Wafini wakafanya kama hivyo mwaka 2013 kwa watu 146 waliochanika gegedu la goti, nao wakapata jibu kama hilo baada ya mwaka mmoja. Anayesema sindano ni matumaini tu, akubali kwamba baadhi ya operesheni nazo zimekutwa hivyo zilipopimwa kwa mizani ileile.

Kwa diski ya mwenye uzi, utafiti unaomhusu ni wa Uholanzi wa mwaka 2007. Watu 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12 waligawanywa, wengine wapasuliwe mapema na wengine wasubiri kwa dawa na mazoezi, na mlango wa upasuaji ubaki wazi. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, pande zote mbili zilikuwa sawa, asilimia 95 wakisema wamepona, na kati ya waliosubiri asilimia 39 walikuwa wamepasuliwa hatimaye. Wengine waliobaki hawakuhitaji kisu, kwa kuwa mara nyingi mwili wenyewe hula kipande cha diski kilichotoka. Dereva, wewe umeshapita wiki hizo zamani, jambo linaloweza kubadilisha hesabu, kwa hiyo muulize daktari wako swali moja lililo wazi: nikisubiri miezi mitatu zaidi, ninahatarisha nini?

#18 Kijana wa Ilala

Sasa kama wengi wanapona wenyewe, shemeji yake Dereva alijuaje kwamba bega lake liliponywa na sindano?

#19 Mtu wa Takwimu

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote katika uzi huu, kijana.

#20 Mama Salha

Swali zuri, lakini mimi shingo yangu ilikuwa mbovu miaka mingi, na ilianza kugeuka wiki ile nilipoanza tiba. Mwili ungekuwa unajiponya wenyewe, ulingoja nini muda wote huo?

#21 Dereva wa Usiku

Ahsanteni sana. Muuguzi, haja zote mbili ziko sawa, ganzi ninayo kwenye kidole gumba na juu ya unyayo tu, na nimesimama kwa visigino sebuleni mke wangu akishuhudia, nyayo zote zinainuka. Nimejaribu pia mazoezi ya Mwalimu ya kukaza mikono, na uso ulipata joto kweli. Nitarudi kwa daktari na swali la Ganzi na Mkasi kama lilivyoandikwa. Akisema kusubiri hakuna hatari, nitajaribu sindano, ila ninaomba kujua namna ya kumtambua mtu wa kuaminika, na kile kijibomba alichokieleza Mama Salha kama wote wanakitumia, maana kimenipa moyo.

#22 Msomaji wa Magazeti

Si wote, hivyo uliza. Kijibomba hicho hakikutoka China bali Japani, na kinahusishwa na Sugiyama Waichi, mganga wa karne ya 17 aliyekuwa kipofu. Asiyeona alihitaji njia ya kuiongoza sindano nyembamba bila kuipinda, na mgonjwa akafaidika, kwa kuwa ngozi inahisi mgandamizo wa bomba kabla ya kuhisi ncha.

#23 Muuguzi Mstaafu

Kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, na mtoa huduma anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza lake. Omba kuona cheti bila haya. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako na sindano zitupwe baada yako, kwa kuwa homa ya ini imewahi kuenezwa na watu waliorudia sindano. Mweleze mapema kwamba unazimia, ulale tangu mwanzo, na siku ya kwanza aanze na sindano moja au mbili. Usiende na njaa. Mwambie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na ukipata mtu anayetaka kukuchoma kifuani au juu ya mabega kwa kina, muulize kwa nini, kwa sababu pafu kutobolewa ni ajali adimu lakini ipo kwenye kumbukumbu.

Mtu yeyote atakayekuambia uache dawa za hospitali au usirudi kwa daktari bingwa, ondoka hapo.

#24 Dereva wa Usiku

Nimekuelewa, mama. Nikimaliza tiba asubuhi, je, naweza kushika usukani jioni ile ile?

#25 Muuguzi Mstaafu

Siku ya kwanza hapana. Wapo wanaoinuka na usingizi mzito au kizunguzungu, na wewe una historia ya kuzimia. Panga iwe siku ya mapumziko, uende na mtu, kisha uone mwili wako umeipokeaje kabla ya kujiandikia safari.

#26 Ustadhi wa Tanga

Na hata kama hakuna kizunguzungu, basi la usiku ni saa nyingi za kukaa na kutikiswa. Usitibiwe mgongo asubuhi ukauharibu jioni.